Uliza tukio, usiulize filamu: kujenga na kukusanya seti za vitofali vya sinema pamoja na watoto

Mtoto akitoka kutazama filamu hasemi kwamba hadithi ilikuwa nzuri. Anasema, "Baba, umeona pale daraja lilipokatika?" Papo hapo anaanza kulikata daraja kwa mikono yake, mdomo ukitoa mlio wa vyuma. Sisi watu wazima tukienda kumnunulia seti ya vitofali tunasahau kitu hicho. Tunanunua jina la filamu na ukubwa wa kasha, wakati yeye anataka pale daraja lilipokatika.

Nimejenga na wanangu wawili kwa miaka kadhaa sasa. Mkubwa, binti, ana miaka 9. Mdogo wake wa kiume ana 5. Nikitazama rafu yao naona jambo moja waziwazi: seti zinazochezewa hadi leo ni zile zilizochaguliwa kwa ajili ya tukio fulani. Zile nilizozichagua mimi kwa kuvutiwa na ukubwa wake zimekaa zinakusanya vumbi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mbali kidogo na meza ya kujengea.

Nitazungumzia LEGO zaidi kwa sababu ndiyo iliyoenea. Kampuni hiyo ya Denmark ilianza mwaka 1932, na tofali lake lenye vinundu juu na mirija ndani lilisajiliwa mwaka 1958. Tofali la mwaka huo bado linashikana na lililotoka kiwandani leo. Seti za filamu zilichelewa sana kufika: za Star Wars zilitoka mwaka 1999, za Harry Potter zikafuata mwaka 2001. Kwa mkusanyaji hii ni habari njema, kwani seti ya zamani na ya sasa huweza kuungana zikawa mji mmoja. Ikiwa mnatumia vitofali vya kampuni nyingine, karibu yote yaliyomo humu yatawafaa.

Hatua ya 1: Uliza tukio

Swali ninalolitumia ni hili: "Ungeruhusiwa kuingia ndani ya filamu ile kwa dakika tano, ungeingilia wapi?" Jibu lake ndilo litakalokuongoza dukani.

Binti yangu alipoulizwa hivyo mara ya kwanza, hakukitaja chombo kikubwa cha angani ambacho mimi nilikuwa nimeshakitia jicho. Alitaja chumba kidogo chini ya sakafu, walimojificha mashujaa huku wakisikia nyayo za adui zikipita juu ya vichwa vyao. Tukatafuta seti ndogo yenye sakafu inayofunguka. Alicheza kujificha na kusikiliza nyayo mwezi mzima.

Ukishalijua tukio, geuza kasha. Upande wa mbele huwekwa picha ya kuvutia, lakini nyuma ndiko kunakoonyeshwa kinachosogea: mlango unaofunguka, ukuta unaobomoka, kombeo linalorusha, paa linalotoka. Tazama pia ni wahusika gani waliomo. Tukio la watu wawili wakigombana halichezeki kwa mtu mmoja.

Halafu chunguza kipimo, maana hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Ngome ya Hogwarts, ile shule ya Harry Potter, namba 71043, iliyotoka mwaka 2018, ina vipande 6,020. Ukiiona utadhani hakuna mtoto atakayetamani zaidi. Lakini imejengwa kwa kipimo kidogo: wakazi wake 27 ni vijisanamu vidogo mno visivyokunja mikono wala miguu, na vijisanamu vya kawaida vilivyomo ni 4 tu, vya waasisi wa shule. Hao wanne hawaingii katika vyumba vya ngome hiyo. Ni kazi nzuri sana ya kutazama. Ila mtoto anayetaka kumpandisha shujaa wake ngazi hadi chumbani atafurahia zaidi seti ndogo ya chumba kimoja cha ngome ile ile. Vivyo hivyo Millennium Falcon, chombo cha angani cha Star Wars, namba 75192 ya mwaka 2017, yenye vipande 7,541: mtoto mdogo hawezi kuikimbiza hewani kuzunguka nyumba, na kukimbiza chombo hewani ndiyo nusu ya mchezo.

Hatua ya 2: Umri, na walio chini yake

Alama ya uso wa mtoto iliyopigwa mstari, yenye 0-3, ina maana moja tu: humo mna vipande vinavyoweza kumkaba mtoto. Usijadiliane nayo. Kwa wadogo hao kuna Duplo, iliyoanza mwaka 1969. Vitofali vyake ni mara mbili ya vile vidogo kwa urefu, upana na kimo, na vinashikana navyo, kwa hiyo baadaye havitupwi. Sisi vya zamani vya mdogo wetu ndivyo miamba na milima ya matukio yote.

Seti za 4+ zina vipande vikubwa vya kuanzia, na kwa kawaida michoro imechapwa juu ya vipande vyenyewe badala ya stika. Kuanzia hapo namba ya umri kwenye kasha huonyesha zaidi ugumu wa kazi. Usiifuate kama sheria. Mtoto anayeipenda hadithi huvumilia ugumu ambao asingeuvumilia kwenye gari la kawaida. Mimi hutazama kama ataweza theluthi mbili za kazi bila mimi.

Kama nyumbani kuna anayetambaa, mkubwa ajenge juu ya meza ambayo mdogo haifikii, na kila mkimaliza sakafu ikaguliwe. Zimeni taa, lazeni tochi sakafuni ikimulika kwa ubapa. Kila kipande, hata kile cha kinundu kimoja, kitatupa kivuli kirefu kuliko chenyewe. Watoto wanaipenda kazi hii kuliko kuokota kwa kawaida.

Hatua ya 3: Meza

Tandika taulo la rangi moja juu ya sinia pana lenye kingo. Taulo huzuia vipande kuruka na kubingiria, na sinia hubebeka chakula kikiwa tayari. Weka bakuli moja la vipande vidogo kabisa. Stika zilazwe ndani ya kitabu kikubwa zisijikunje.

Fungua mfuko namba 1 peke yake. Seti zenye mifuko iliyoandikwa namba zimepangwa hivyo ili usiwe na vipande elfu moja mbele yako kwa wakati mmoja, na mtoto akiifungua yote kwa furaha mtaipoteza siku nzima. Mwaga, tandaza vipande visilaliane, mtazame pamoja. Hakuna haja ya kuvipanga kwa rangi.

Hatua ya 4: Mzazi atafute, mtoto abane

Ukiwatazama wazazi wengi wakijenga na watoto, utaona kinyume chake. Mtoto anaambiwa, "Nipe kile chekundu kirefu," anakitoa, na baba anakibana. Mtoto amegeuzwa msaidizi wa fundi kwenye chombo chake mwenyewe. Badilisheni. Wewe tafuta kipande, mpe, kisha rudisha mikono yako mapajani. Kubana mpaka kitofali kiitike "tak" ndiyo raha yenyewe ya kazi hii. Wakiwa watoto wawili, wapokezane kurasa: mmoja anatafuta, mwingine anabana, ukurasa ukigeuka nao wanabadilishana.

Mfundishe kusoma kijitabu cha maelekezo kama anavyosoma hadithi. Kwenye kona kuna kisanduku chenye picha za vipande vya ukurasa huo na idadi yake: 2x, 4x. Vyote vitoke kwanza viwekwe pembeni, ndipo mtu abane. Vijiti vya ekseli, vile vya kushikia magurudumu, hufanana sana, ndiyo maana kijitabu huvichora kwa ukubwa wake halisi. Mtoto alaze kijiti juu ya mchoro, kikilingana ndicho. Na kabla ya kubana chochote, ahesabu vinundu kutoka ukingoni kwa ukucha: moja, viwili, vitatu, hapa.

Kuhesabu huko tulikujua baada ya kukosea. Tulikuwa mfuko wa nne wa chombo chenye mabawa mawili. Bawa la kulia likakaa vizuri. La kushoto likagoma, linainuka upande mmoja kama mlango uliovimba kwa mvua. Mikono yangu ikataka kulichukua. Nikaizuia. Binti yangu akalala kifudifudi, jicho usawa wa meza, akatazama mwanga ukipenya kati ya bamba na bamba (vile vipande vyembamba bapa), akaanza kurudisha kurasa nyuma moja moja huku akihesabu kwa ukucha. Ukurasa wa kumi na tisa tulikuwa tumebana bamba la kijivu kinundu kimoja mbele zaidi. Ilibidi tubandue kazi ya mifuko miwili. Hakulia. Alisema, "Nimekiona mimi," na akalirudia lile neno mara tatu usiku ule.

Kwa hiyo kila mfuko ukiisha, fanyeni ukaguzi mdogo: inueni kazi usawa wa macho, mtafute mwanga unaopenya pasipotakiwa, mtazame kilichobaki mezani. Vikibaki viwili vitatu vidogo sana, msihofu. Kiwanda hugawa vipande kwa kuvipima uzito, na vilivyo vyepesi mno huongezewa kimoja ili visipungue. Kikibaki kipande kikubwa, rudini nyuma.

Kipande kikikosekana, kwanza geuzeni mfuko, maana vidogo hung'ang'ania pembeni. Kisha tazameni kama hakikutumika mahali pa ndugu yake wa rangi inayokaribiana. Ikishindikana, kurasa za mwisho za kijitabu zina picha na namba ya kila kipande. LEGO ina huduma ya kutuma kinachokosekana kwenye seti mpya, na namba hiyo ndiyo watakayoihitaji.

Kubandua: meno marufuku. Yanaacha alama kwenye plastiki, na plastiki hiyo ni ngumu kuliko jino la mtoto linavyodhani. Seti nyingi zina kifaa maalumu cha kubandulia. Mabamba mawili bapa yakiganda, bana kitofali kirefu juu na kingine chini, vishike kama vishikio, uvikunje kwa pande tofauti. Yatafunguka.

Simameni mfuko unapoisha, hata kama kuna hamu ya kuendelea. Kazi iliyokatizwa katikati ya mfuko ni ngumu kuirudia kesho.

Hatua ya 5: Iacheni ichezewe

Seti ikikamilika, isipandishwe rafuni. Ikae chini angalau wiki moja, ivunjike, irekebishwe, iingiliwe na wanyama wa plastiki wasiohusika. Mtoto aliyekijenga chombo anajua kukirudisha.

Hatua ya 6: Jengeni tukio ambalo halikuuzwa

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mara nyingi tukio analolitaka mtoto halimo dukani. Seti imetoa chombo, lakini haikutoa bonde kilimoangukia. Basi lijengeni bonde.

Hesabu chache zitawasaidia. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu jirani ni milimita 8. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, na bamba ni theluthi yake, milimita 3.2, kwa hiyo mabamba matatu ni sawa na kitofali kimoja. Mabamba matano yakipandana yana kimo cha milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Ujanja huo ndio unaowawezesha kulaza ukuta ubavuni na bado ukaingia mahali pake. Kijisanamu cha kawaida, kilichoanza mwaka 1978, kina urefu wa sentimita 4 hivi. Ukimlinganisha na mtu mzima wa kweli, mita moja ya duniani inakuwa takribani vinundu 3 mezani. Daraja la mita 10 litakuwa vinundu 30. Mlango upeni kimo cha vitofali 6, kwa sababu mashujaa wa filamu wana kofia, mapembe na nywele ndefu.

Tazameni tukio tena mara moja, msimamishe picha, mtoto achore kwenye karatasi vitu vitatu tu vinavyolitambulisha. Binti yangu alipochora bonde lile alichora mti uliopinda, moshi, na ngazi. Vitatu basi. Mengine yote ni ardhi, na ardhi haihitaji rangi sahihi. Mkikwama, kumbukeni kwamba vitofali sita vya rangi moja vyenye vinundu nane kila kimoja vinaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Nilimwambia mdogo namba hiyo akataka kuzianza zote Jumamosi.

Hatua ya 7: Kukusanya

Anzeni na daftari. Kila seti iandikwe namba yake, jina, mwaka, idadi ya vipande, wahusika waliomo, na tukio lililofanya ichaguliwe. Safu hiyo ya mwisho ijazwe na mtoto kwa mwandiko wake. Anayetaka kufanya hivyo mtandaoni atumie Rebrickable: ukiingiza seti ulizonazo, tovuti hukuonyesha ni vitu gani vingine watu wamebuni kwa vipande hivyo hivyo. Kwa kipande kimoja kimoja kuna soko la BrickLink, ambalo LEGO yenyewe ililinunua mwaka 2019. Vijitabu vya maelekezo vya seti nyingi za zamani hupatikana bure kwenye tovuti ya LEGO, kwa hiyo kijitabu kilichochanika kisiwazuie kununua.

Seti nyingi za filamu hukaa sokoni miaka michache tu kisha huacha kutengenezwa. Wapo wanaonunua mbili, moja ya kufungua na moja ya kuhifadhi ili bei ipande. Sioni faida yake kwa mtoto. Kasha lililofungwa halimfundishi chochote, na kumkataza kuligusa ni kumtesa bure.

Za mitumba ni nzuri, mradi mzichunguze hivi. Ulizeni namba ya seti, mlinganishe na orodha ya vipande. Anzeni na vijisanamu, maana ndivyo hupotea na ndivyo ghali: tazameni ubavuni chini ya mkono kama kiwiliwili kina ufa, vuteni mguu mmoja kuona kama umelegea, ulizeni lilipo joho la kitambaa. Kisha tazameni vinundu. Kwenye tofali la LEGO kila kinundu kina neno LEGO. Kampuni nyingine halali hutengeneza vitofali vinavyoshikana na hivyo, zikiweka majina yao wazi. Kinachokatazwa ni kuuziwa cha mwingine kwa jina lisilo lake.

Kuhifadhi kulitutoa jasho. Mwanzo tulipanga kila kitu kwa rangi, na kikapu chekundu kikawa shimo: kutafuta pini nyekundu ndani ya wekundu mtupu ni kazi ya kukata tamaa. Tukageuza, tukapanga kwa umbo. Magurudumu pamoja, mabamba pamoja, pini pamoja. Jicho huiona rangi upesi sana miongoni mwa maumbo yanayofanana. Tangu siku hiyo hata wa miaka 5 anapata anachokitaka.

Na kuhusu kuvunja: kila mtoto ana seti moja ambayo haivunjwi bila ruhusa yake. Nyingine zote, zamu yake ikifika, hubanduliwa kwa mpangilio wa kurudi nyuma, mfuko wa mwisho kwanza, kila kundi kwenye mfuko wa zipu wenye namba. Siku ya kujenga upya mtanishukuru.

Hatua ya 8: Usafi

Vumbi la juu liondolewe kwa brashi laini ya rangi. Vitofali vilivyochafuka vioshwe kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40, sabuni laini, visuuzwe na kuachwa vikauke vyenyewe chumbani. Mashine ya kufulia, draya na jua kali vyote huviharibu. Vyenye stika, kitambaa au umeme visizamishwe, vifutwe tu. Rafu isielekee dirisha la jua. Vyeupe hugeuka manjano.

Hatua ya 9: Pigeni filamu

Tukio lilitoka kwenye filamu, lirudisheni huko. Simu isimamishwe imara isitikisike, hata kwa kuibana kati ya kuta mbili za vitofali. Fungeni pazia, washeni taa moja, kwa sababu mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu likipita na picha zitapepesa. Bandikeni bamba la msingi mezani kwa utepe wa gundi kwenye pembe zote nne.

Picha 12 zinatosha kwa sekunde moja. Sekunde kumi ni picha 120, na huo ndio urefu unaotosha kuanzia. Kijisanamu kisogezwe kinundu kimoja kila baada ya picha mbili, miguu ikipishana, na mkono utoke kabisa kwenye picha kabla ya kubonyeza. Anayesogeza asiwe anayebonyeza. Programu za bure za simu zitaziunga.

Sauti iwekwe mwisho. Sisi tulipopiga lile tukio la chumba cha chini ya sakafu, picha peke yake hazikutisha hata kidogo. Mdogo akaingia chini ya meza na simu, dada yake akabaki juu na vitofali viwili, akavigonga juu ya mbao taratibu: ko, ko, ko, akisimama kidogo pale juu ya kichwa chake. Tulirekodi mara nne, kwa sababu mara tatu za mwanzo mdogo alishindwa kunyamaza.